Wimbo Uking'olewa katika Tamthilia

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba wimbo ndani ya tamthilia si pambo tu. Ni mbinu, na huweza kubeba maudhui ambayo mhusika hakuthubutu kuyatamka. Katika televisheni, hata hivyo, mbinu hiyo ina mwenyewe, naye hudai malipo.

WKRP in Cincinnati, kipindi cha vichekesho kilichoonyeshwa na CBS nchini Marekani kati ya 1978 na 1982, ni kielelezo cha kusikitisha. Wahusika wake ni wafanyakazi wa kituo cha redio kinachosuasua. Santuri zilizovuma enzi hizo zilisikika studioni mwao, na mara nyingine kichekesho chenyewe kilitegemea wimbo uliochaguliwa. Ruhusa za nyimbo hizo zilikuwa za muda. Zilipokwisha, nyimbo nyingi ziliondolewa, ukawekwa muziki usiojulikana. Pale ambapo wahusika walizungumza huku wimbo ukisikika, baadhi ya maneno yao yalirekodiwa upya kwa sauti za kuigiza. Ni mhariri gani wa diwani angethubutu hivyo?

DVD za msimu wa kwanza, mwaka 2007, zilitoka na kilema hicho hicho. Mwaka 2014 Shout! Factory ilitoa misimu yote minne ikiwa imerejeshewa nyimbo nyingi, ila si zote. Mtunzi wa wimbo anastahili ujira wake, hilo halina ubishi. Lakini ruhusa iliyopangishwa kama nyumba humwacha mtazamaji wa baadaye na kazi ambayo mwandishi wake hakuiandika.