Mizabibu Inayoizunguka Dodoma

Ukitaka kuijua mizabibu ya Dodoma, nenda Agosti. Mvua imekwisha zamani, mtama na uwele vimeingia ghalani, mibuyu imesimama bila jani na vumbi limetanda hadi kwenye paa za nyumba. Nchi nzima imekauka. Lakini toka mjini kwa barabara ya Iringa, ya Arusha au ya Dar es Salaam, na haupiti muda mrefu kabla ya kuona mistari ya kijani iliyonyooka, nguzo na nyaya zimeishikilia, na chini ya majani yamening'inia mashada meusi ya zabibu. Kwa miaka mingi nilizinunua zabibu hizo kupitia dirisha la basi, kwa wachuuzi wanaokimbilia magari na ndoo mikononi. Sikuwahi kufika zinakotoka. Safari hii nilikwenda vijijini kwenyewe.

Nilikodi gari pamoja na dereva, kijana wa Kirangi kutoka Kondoa. Ni Mwislamu, mvinyo haugusi, ila msimu wa mavuno hubeba kreti za zabibu kutoka mashambani, kwa hiyo hakuna kichochoro cha vijiji vya zabibu kama Matumbulu na Hombolo asichokijua. "Dada, tuanze kusini," alishauri. "Hombolo tuiweke mwisho. Ukianza na Hombolo hutaziona nyingine."

Tukashika barabara ya Iringa. Kituo cha kwanza kilikuwa Bihawana, kwenye misheni ya Wakatoliki, miongoni mwa mahali ambapo historia ya zabibu za Dodoma ilianzia. Wamisionari walipanda mizabibu katikati ya karne iliyopita, wakihitaji mvinyo wa misa. Wagogo walikuwa wafugaji na wakulima wa nafaka zinazostahimili ukame, na mti huu wa kigeni ulikuwa na sifa waliyoielewa upesi: mizizi yake huzama chini sana kutafuta maji. Katika nchi inayopata mvua za msimu mmoja tu kwa mwaka, nazo zisizoaminika, mmea unaobaki hai mahindi yakifa haupuuzwi. Ukatoka kwenye uzio wa misheni, ukaingia kwenye mashamba ya watu.

Mbele kidogo, Mpunguzi, tulilikuta shamba likivunwa. Kina mama walikuwa wametawanyika kwenye mistari tangu alfajiri, makasi mkononi, wakikata shada moja moja na kulilaza kwenye kreti taratibu ili tunda lisipasuke. Mwenye shamba, mzee mwembamba mwenye kofia ya pama, alitupokea kwa "Mbukwenyi" ya Kigogo kabla sijamaliza shikamoo yangu. Nilimwomba anieleze jambo lililokuwa likinitatiza: inakuwaje Dodoma ivune zabibu mara mbili kwa mwaka, wakati nchi nyingi zenye sifa ya mvinyo huvuna mara moja?

Alinipeleka kwenye kona ambako hawajaanza kuvuna, akashika tawi. Kule Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, hupukutisha majani na kuamka joto linaporudi. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Haina baridi ya kuulaza mti. Mkulima ndiye anayeamua. Akipogoa, akakata matawi yaliyozaa na kuacha macho machache, mti huchipua upya, hutoa maua, na baada ya miezi minne hivi zabibu zimeiva. Anayepogoa mvua zinapokaribia huvuna kati ya Februari na Aprili; anayepogoa mvua zikimalizika huvuna Agosti na Septemba. "Makasi ndiyo kalenda yetu," mzee alisema. "Ukipogoa vibaya, usimlaumu Mungu."

Mavuno hayo mawili hayalingani. Ya masika yana maji mengi na sukari kidogo, na unyevu huleta ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa ya ukungu yanayoweza kumaliza shamba ikiwa mkulima amechelewa kupiga dawa. Ya kiangazi ni bora zaidi: jua kali mchana, usiku wenye ubaridi kwa sababu nchi hii iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hakuna. Sukari hujikusanya ndani ya tunda. Adui wa kiangazi ni mchwa wanaotafuna mashina na ndege wanaojua kabla ya mtu yeyote kwamba zabibu zimeiva. Watoto wa mzee walikuwa wakizunguka mistari na manati, wakipiga kelele.

Tulikula hapo hapo kwake, ugali wa uwele na mlenda, kisha bakuli la zabibu zilizotoka shambani. Nyingi zilikuwa Makutupora Nyekundu, aina iliyotawala mkoa huu, yenye ngozi nene nyeusi na utamu unaofuatiwa na ukali mdogo kwenye ulimi.

Kesho yake tulipanda kaskazini kwa barabara ya Arusha, tukapita Veyula hadi Makutupora, mahali palipoipa aina hiyo jina lake. Hapa kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kinachoshughulikia zabibu. Kazi yake ni kujaribu aina mbalimbali kwenye udongo huu na kuwapatia wakulima miche iliyo safi. Chenin Blanc, zabibu nyeupe yenye asili ya Ufaransa, imekubali vizuri Dodoma, na Syrah pia hulimwa. Bonde hili hili la Makutupora ndilo lenye visima vinavyoinywesha sehemu kubwa ya mji. Kwa hiyo mzabibu na mkazi wa Dodoma wanategemea maji ya ardhini mamoja, na idadi ya wakazi inapanda haraka sana. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika eneo lililokuwa Manispaa ya Dodoma. Ya 2022 ikawakuta 765,179.

Nambari hizo nilikuwa nimezisoma. Vijijini niliziona kwa macho. Tangu serikali ilipoamua kwa dhati mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ardhi ya pembezoni imebadilika thamani. Barabara ya mzunguko, kilomita 112.3, ilipangwa kupita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, na majina kadhaa kati ya hayo ndiyo yale yale niliyokuwa nikiyatafuta kwa ajili ya zabibu. Njiani tuliona vigingi vya wapima ardhi vikiwa vimesimama kati ya mistari ya mizabibu. Mama mmoja wa Veyula aliniambia kwamba watu humfuata kila mwezi kumuuliza kama anauza viwanja. Nikamuuliza huwajibu nini. "Nawaambia wangoje nivune kwanza. Zabibu zikinilipa, siuzi. Zisiponilipa, watanikuta."

Jibu lake lilinifuata hadi Hombolo. Tulirudi barabara ya Dar es Salaam, tukakata Ihumwa, tukaelekea kaskazini mashariki hadi kwenye bwawa lililojengwa mwaka 1957. Dereva alisema kweli: baada ya maili nyingi za vumbi, kuona maji mapana kiasi kile, ng'ombe wakinywa ukingoni na mashamba ya zabibu yamepanda mteremko, ni furaha ya aina yake. Hapa ndipo kilipo kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO, kilichoanzishwa na Waitaliano mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wakulima wa Hombolo wamezoea kuona malori yakipanga foleni msimu wa mavuno.

Lakini kilichonivuta zaidi kilikuwa jengo dogo la kikundi cha wakulima. Ndani kulikuwa na mashine ya kuponda zabibu, matangi ya chuma kisichoshika kutu na kipozeo kinachonguruma. Zabibu zikifika hupimwa sukari kwa kifaa kidogo cha mkononi, zikapondwa, zikawa kile ambacho Dodoma nzima hukiita mchuzi wa zabibu. Mchuzi wa mvinyo mwekundu huachwa pamoja na maganda ili uchukue rangi. Wa mvinyo mweupe hutenganishwa nayo mapema. Hamira hula sukari na kuigeuza kilevi, na kazi hiyo hutoa joto. Kwa hali ya hewa ya Dodoma, tangi lisilopozwa hupata joto kupita kiasi na mvinyo huharibika, ndiyo maana kijiji chenye zabibu lakini hakina umeme wa uhakika hakiwezi kusindika.

Nilipoonja mvinyo wao mkavu, mweusi mweusi, wenye harufu ya zabibu yenyewe, nilielewa kile mama wa Veyula alichokuwa akikisema. Mtama utauweka ghalani ungoje bei. Zabibu ya mvinyo ikishaiva haingoji. Siku chache tu juani na imeanza kuoza. Mkulima asiye na tangi huuza kwa bei atakayotajiwa, siku atakayotajiwa, na mwaka ambao viwanda vimejaa humwaga mavuno yake au kuyapeleka kwa ndoo barabarani. Mwenye tangi ana mchuzi unaoweza kukaa, na mwenye mchuzi unaokaa anaweza kukataa bei mbaya. Kwa mtu anayefuatwa na wanunuzi wa viwanja kila mwezi, uwezo huo wa kukataa ndio unaoamua kama shamba litabaki shamba.

Ndiyo maana nawasihi wanaopenda Dodoma waende wenyewe, na waende Agosti au Septemba. Wakodi gari, wapite Bihawana, Mpunguzi, Veyula, Makutupora na Hombolo, waombe ruhusa kabla ya kuingia shambani, wanunue kreti moja kwa mkulima na chupa kwa kikundi kinachosindika hapo hapo. Na hata wasiofika, wanaponunua mvinyo Dar es Salaam au Arusha, wasome lebo. Sheria ya ushuru wa bidhaa ya Tanzania tayari inautoza ushuru mdogo zaidi mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini, kuliko mvinyo mwingine. Serikali imeonyesha upande wake. Sasa halmashauri na benki zifikishe matangi na umeme vijijini, nasi wanunuzi tulipe mvinyo wa nyumbani bei inayomtosha mama wa Veyula, ili anayetafuta viwanja akirudi mwezi ujao apewe jibu moja tu: siuzi.