Kanisa Kuu la Chartres

Katika nchi ya Ufaransa uko uwanda mpana uitwao Beauce, nchi ya ngano tupu, isiyo na mlima wa kuzuia macho. Msafiri atokaye Paris kwa treni na kwenda upande wa kusini-magharibi, mwendo wa kilomita 90 hivi, huona minara miwili imesimama juu ya mashamba, na nyumba za mji hazijaonekana bado. Hiyo ndiyo minara ya Kanisa Kuu la Bikira Maria la Chartres. Nasi tuliiona hivyo, tukafahamu jinsi mhujaji wa zamani, aliyekuja kwa miguu na kuchoka, alivyopata nguvu mpya alipoitazama.

Minara hiyo hailingani. Ule wa kusini ni kazi ya karne ya 12, mawe matupu tangu chini hata nchani, wala hauna urembo mwingi. Ule wa kaskazini ulikuwa na kilele cha mbao, kikateketea kwa radi mwaka 1506. Ndipo fundi Jehan de Beauce akajenga kilele kipya cha mawe, kirefu kuliko cha mwenziwe, kilichochongwa kwa wembamba kama kazi ya sindano. Hivyo ndugu hawa wawili wameachana kwa zaidi ya miaka 300, na hakuna aonaye haya kwa ajili yao.

Kanisa tulionalo leo lilitokana na msiba. Tangu mwaka 876 mji ulitunza kitambaa kilichotolewa na Mfalme Charles Mwenye Upara, nao watu waliamini kuwa ni vazi la Mama Maria. Usiku mmoja wa mwezi Juni 1194 moto ukashika mji, na kanisa likaungua, isipokuwa upande wa magharibi pamoja na kanisa la chini ya ardhi. Masimulizi ya kale yasema kwamba watu walilia sana, wakidhani vazi limeteketea na Mama amewaacha; wengine hawakuona tena sababu ya kujenga. Hata siku ya tatu mapadre waliokuwa wamejificha chini wakatoka nalo, zima. Basi majonzi yakageuka kuwa bidii. Sehemu kubwa ya jengo ilikamilika kwa muda wa miaka 30 hivi, na mwaka 1260 likatabarukiwa, Mfalme Louis wa Tisa akiwapo.

Tukaingia. Ndani urefu wake ni mita 130 hivi, na dari ya mawe iko juu mita zipatazo 37. Kwa nini dari nzito namna hii isianguke? Kila mtu aliyejenga nyumba anajua kwamba paa zito husukuma kuta ziende nje. Zamani waashi walitia kuta nene zenye vidirisha vidogo, na giza likawa ndani. Waashi wa Chartres walishika njia nyingine. Matao yao yana ncha juu, nayo huteremsha uzito kwenye nguzo kuliko matao ya mviringo. Kisha huko nje wakasimamisha nguzo kubwa, na kutoka kwazo wakarusha matao ya mawe hewani yaje kuegemeza ukuta, kama vile sisi tuegemezavyo ukuta ulioinama kwa mti. Ukuta ukiisha kupata mwega hauhitaji unene, na mahali pa mawe waweza kutia kioo.

Nacho kioo ndicho fahari ya Chartres. Madirisha yake ya rangi ni yapata 176, na mengi ni yale yale ya karne ya 12 na ya 13. Jua lilipotoka mawinguni, sakafu iliyokuwa ya kijivu ikatapakaa buluu na nyekundu, hata mikononi mwetu. Katika siku zile watu wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo walifundishwa Maandiko kwa njia ya macho. Mwana Mpotevu yupo, na Msamaria Mwema yupo. Chini ya Msamaria wameonyeshwa washona viatu wakiwa kazini. Kwingine wamo waoka mikate na wachukuzi wa maji. Walimu watafurahi kusikia habari ya upande wa kusini: pale manabii wanne wamewabeba Wainjili wanne mabegani, kama baba amchukuavyo mtoto ili aone mbali. Isaya amembeba Matayo, Yeremia Luka, Ezekieli Yohane, na Danieli Marko. Somo la Agano la Kale na Jipya limekwisha kusemwa bila neno hata moja.

Sakafuni imetiwa njia ya mizunguko ndani ya duara la mita 13 karibu. Anayeifuata hutembea zaidi ya mita 260 mpaka afike katikati, wala hapotei, maana njia ni moja tu.

Kanisa hili limeokoka mara nyingi. Mwaka 1836 msitu wa boriti uliokuwa juu ya dari uliungua wote, lakini dari ya mawe ikavumilia. Paa likatengenezwa tena kwa chuma na shaba nyekundu, ambayo sasa imekuwa kijani. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, madirisha yalishushwa na kufichwa. Tarehe 16 Agosti 1944 askari wa Marekani walishuku kwamba adui yumo minarani, na mizinga ingeweza kulipiga kanisa. Kanali Welborn Griffith akajitolea kwenda kutazama kwa macho yake. Hakukuta adui, na kanisa likasalimika. Yeye mwenyewe aliuawa siku ile ile, karibu na mji.

Liko jambo moja lililotugawanya sisi wasafiri. Humo yumo Bikira Maria wa Nguzo, sanamu ya mti ya karne ya 16, ambayo kwa miaka mingi watu walimjua kama Mama Mweusi. Katika kazi ya kusafisha kanisa iliyoanza yapata mwaka 2009, kuta zilizokuwa nyeusi kwa moshi wa mishumaa zilirudishiwa weupe wake, na mwaka 2014 sanamu nayo ikatoka na uso mweupe. Mafundi walisema kuwa weusi haukuwa rangi yake ya kwanza. Watu wengi wa Ufaransa na wa nchi nyingine walisikitika. Mwenzetu mmoja alisema, ni haki kurudisha kazi ya fundi wa kwanza. Mwingine akajibu, “Na machozi ya waliosali mbele ya uso ule mweusi, je, si sehemu ya sanamu?” Twakiri kwamba mioyo yetu ilikuwa pamoja na huyu wa pili, kwa maana sisi tulitoka mbali na tulitamani kumwona Mama mwenye rangi yetu. Tulipiga magoti hata hivyo, tukawasha mishumaa yetu kama wengine.

Wasomaji, makanisa yetu mengi ni ya matofali na mabati, nasi pengine twayadharau. Kumbukeni kwamba wale washona viatu na wachukuzi wa maji hawakuwa matajiri. Tena jengo halitunzwi na waliolijenga tu. Kila kizazi huulizwa: mtahifadhi nini, na mtabadili nini? Walimu, waulizeni watoto swali hili mnapopaka chokaa kanisa la kwenu, na msifute picha ya zamani kabla hamjawasikiliza wazee.