Kila Kichwa na Wembe Wake

Bweni ipo kaskazini kabisa mwa Kisiwa cha Mafia, jirani na mnara wa taa wa Ras Mkumbi uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892. Nilifika kutoka Kilindoni kuhudhuria akika. Babu wa mtoto hujinyoa kichwa kila Ijumaa kwa povu la sabuni na mashine ya chuma, ya aina ile ambayo King C. Gillette alipewa hataza Marekani mwaka 1904. Kabla ya kumnyoa mjukuu, alitupa wembe wa zamani, akafungua mpya. "Damu haiazimwi," alisema. Niliinamisha kichwa; madrasa kwetu wembe mmoja hupita vichwa vingi, nami katibu nikitazama. Ndugu Waislamu, tuliache hilo leo.