Chai Haikuwemo Kwenye Hesabu

Ngamiani, Tanga, ukimuuliza mtu amekula nini tangu jana, atakutajia wali wa mchana na ugali wa jana usiku. Chai na vitumbua vyake haviingii kwenye jibu. Mwalimu, jina ambalo mtaa haujaacha kumwita tangu astaafu, alikuwa hivyo hivyo. Aliapa kwamba hula mara mbili tu kwa siku, wala hakuwa akidanganya.

Miaka ya kufundisha alikwenda shuleni kwa baiskeli, kama watu wengi wa mji ule. Alipostaafu baiskeli ikabaki uani, bodaboda ikawa inamchukua mlangoni mpaka sokoni. Sahani haikupungua. Mwili ukaongezeka taratibu, na majirani wakasifu: "Mwalimu, kustaafu kumekukubali!" Magoti ndiyo yaliyoanza kulalamika, kisha presha.

Muuguzi kliniki hakumkataza kitu. Alimwambia aandike kila kinachopita mdomoni, hata cha kuonja jikoni. Kwa mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote, hiyo haikuwa adhabu. Wiki haijaisha, daftari likamuumbua: vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vinne vya sukari kila kikombe. Kijiko kimoja cha chai hubeba kama gramu 4, kwa hiyo jumla ni 48. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi, isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000, na ikipungua hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Karibu fungu zima lilikwisha kwenye chai, kabla hajagusa juisi ya machungwa ya Muheza.

Akapunguza nusu kijiko, akazoea, akapunguza tena. Tangawizi ilibaki. Machungwa akaanza kuyala yenyewe badala ya kuyakamua. Mafuta, aliyokuwa akiyamimina kwa macho kutoka kwenye dumu, sasa yakapimwa kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja kina kama kalori 120. Mchicha na tembele vikatangulia kwenye sahani, ugali ukafuata, mdogo. Alihamia dona pia, ingawa dona si dawa: nishati yake haipishani sana na ya sembe, ila pumba zake hushibisha mapema.

Njaa haikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni macho ya watu. Magauni yalipoanza kumpwaya, minong'ono ikaanza, na kizazi chake kilijua maana yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, ugonjwa wenyewe uliitwa "Slim". Aliyezika jirani na wanafunzi miaka ya tisini haoni mtu akikonda akafikiria afya njema. Mdogo wake alifunga safari kutoka Korogwe na kuku wa kienyeji mkononi.

"Dada, unaumwa nini? Usinifiche."

"Siumwi. Nimeacha sukari."

"Sukari ndiyo ikukondeshe hivyo?" Kuku akachinjwa, akaungwa kwa tui zito, na Mwalimu akala. Kukataa chakula cha ndugu aliyetoka safari ni jambo jingine kabisa.

Ahueni ilikuja kutoka mbali. Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili, alikuwa gumzo la nchi kwa kuhimiza watu wapunguze wanga na sukari. Wengine walimtania, lakini utani ule ulifanya kazi ambayo mabango ya kliniki hayakuiweza. Mtaani wakasema Mwalimu anafuata ya Janabi, na habari ya ugonjwa ikafa.

Ramadhani bado ni mtihani: mihogo ya nazi, tambi, uji mtamu, vyote kwa mpigo baada ya adhana. Kilo mbili tatu humrudia kila mwaka, akazishusha tena baada ya Idi. Kaimati amejipangia tatu kila jioni, na kwa hilo hataki mjadala na mtu, hata na muuguzi.