Shamba Lililokosa Watu

Mchoro wangu wa kwanza wa Lavaux ninao hadi leo. Una ziwa la samawati, milima ng'ambo ya pili, na matuta ya mizabibu iliyogeuka manjano. Niliuchora mwishoni mwa Oktoba 2012, nimekaa juu ya ukuta wa mawe kijijini Rivaz, eneo la Lavaux, Uswisi, mimi na wenzangu kumi na mmoja. Kwa miaka mitatu niliuona ndio kazi yangu bora.

Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma. Zabibu nilizijua kabla sijajua kusoma. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima huuamsha kwa kuupogoa, nao huzaa mara mbili kwa mwaka. Sikuwa nimeona shamba zima likibadilika rangi kwa pamoja. Shuleni tuliambiwa majira ya mabadiliko hayo yanaitwa vuli, lakini vuli niliyoisikia kwa watu wa pwani ilikuwa mvua. Nilipokwenda Lausanne kusoma ndipo nikakutana na vuli ya majani kupukutika.

Kundi letu lilikuwa la watu wanaochora palepale mbele ya kitu chenyewe, bila kunakili picha. Mwaka 2007 Gabriel Campanario, mwandishi wa habari aliyekuwa akiishi Seattle, Marekani, alianzisha Urban Sketchers, na mtindo huo ukaenea duniani. Mwaka huohuo UNESCO iliingiza matuta ya Lavaux katika Urithi wa Dunia. Kila vuli tulipanda treni ya asubuhi, tukateremka Rivaz, kila mtu akatafuta pake pa kukaa. Kwa unyevu wa ziwani rangi za maji zilichelewa kukauka, nasi tulizisubiri tukipasha vidole kwa vikombe vya chai. Alasiri tuliingia uani kwa mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo, tukatandaza madaftari juu ya meza ndefu, kila mmoja akatazama kazi ya mwenzake.

Wote tulikuwa tumechora kitu kimoja: mandhari. Wenyeji husema mizabibu yao ina majua matatu: la angani, lile linaloakisiwa na ziwa, na joto linalohifadhiwa na kuta za mawe. Mchoraji Ferdinand Hodler alilichora ziwa hilo mara nyingi kutoka Chexbres, juu kidogo ya pale tulipokaa. Nani angetazama kwingine?

Julai 2015 nilikwenda nyumbani na daftari langu. Mama aliketi barazani akalifunua taratibu. Alipofika kwenye mchoro ule wa Rivaz akasimamisha kidole.

"Mwanangu, shamba hili ni la nani?"

"La watu wengi, mama."

"Mbona simwoni hata mmoja? Nani kajenga kuta hizi? Nani anapogoa?"

Sikuwa na jibu. Aliyeniuliza alikuwa amepogoa mizabibu tangu sijazaliwa. Msimu uliotangulia mnunuzi alichelewa, zabibu zikaanza kuharibika shambani, na mchuzi wa zabibu aliokamua akauuza kwa bei ya kutupa. Alijua kila shada linabeba nini. Nami nilijua, nilikulia humo. Ila nilipopewa brashi nilichora majani.

Niliporudi Uswisi niliwaomba wenzangu twende mapema, wiki ya tatu ya Septemba, zabibu zingali zinavunwa. Baadhi walikataa, wakisema majani bado ni ya kijani, hakuna rangi ya kuchora. Tulikwenda sita. Tukawakuta wavunaji wameinama kwenye mteremko mkali, mikasi mkononi, wengine wametoka Ureno na Poland. Makreti yalipandishwa kwa kigari kinachotambaa juu ya reli moja nyembamba. Mtu anayefanya kazi hakusubiri uchanganye rangi: una mstari mmoja wa mgongo, mwingine wa mkono, naye ameshahamia mzabibu wa pili. Nilijaza kurasa tisa, nane zikaharibika.

Tangu siku ile hata kuta nilizitazama upya. Watawa walianza kulima mteremko ule katika Zama za Kati, na leo kuta hizo, zikiunganishwa, zinapita kilomita 400. Zikibomoka hujengwa tena. Mwaka 1977 wananchi wa jimbo la Vaud walipiga kura kuilinda Lavaux isifunikwe na majengo. Uzuri niliodhani ni wa ziwa na milima ulikuwa pia uamuzi wa watu na jasho lao.

Kundi letu sasa huenda mara mbili: Septemba kwa ajili ya wavunaji, Oktoba kwa ajili ya majani. Na hata Oktoba, mimi humtafuta kwanza anayeosha makreti au anayeziba ukuta.

Agosti 2019 nilimchora mama shambani kwake akivuna. Alipoutazama mchoro alisema, "Mkasi haushikwi hivyo," akanionyesha, nikarudia. Mchoro wa pili ndio uliotundikwa sebuleni kwake.

Nawe uliye karibu na Hombolo, Makutupora au Bihawana, chukua daftari msimu wa zabibu uende. Omba ruhusa ya mwenye shamba, kisha anza na mikono yake. Majani yatafuata.