Nyanya Aliposema Huyo Si Babu

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, mnaonijua mnajua kuwa kwenye kwaya mimi husimama nyuma na kufungua mdomo tu. Lakini kuhesabu mapigo ya muziki, hapo nilijiona fundi.

Baba mdogo ana kibanda cha muziki hapa Isebania. Jioni utasikia nyimbo za Sirari, upande wa Tanzania, zikigombana na benga ya upande wetu. Katika tarakilishi yake mna programu ndogo, kidirisha kama kiberiti. Wimbo ukilia, unabonyeza kitufe kila pigo linapoanguka. Programu inapima muda kati ya bonyezo na bonyezo, kisha inagawanya sekunde 60 kwa muda huo. Ukibonyeza kila nusu sekunde, inaandika 120, yaani mapigo 120 kwa dakika. Mabonyezo mawili matatu hukupa namba ya kubahatisha. Yakifika ishirini inatafuta wastani na namba inatulia. Hakuna uchawi hapo.

Likizo ya Agosti tulipanga kumkumbuka babu. Marehemu alikuwa mpiga iritungu, kinanda cha sisi Wakuria chenye nyuzi 8 na sauti nzito inayokuingia kifuani. Kilichobaki ni kanda moja tu. Baba mdogo akaiingiza katika kompyuta, akaniambia, "Wewe hesabu, mimi nitaiunga na Misiani, watu wasikae chini." (Ndiye yule D.O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa Tanzania mwaka 1940 na kufariki mwaka 2006.) Benga aliyoichagua niliihesabu ikawa 140. Ya babu nikafuata nyuzi, nikapata 120. Basi akaikaza ifike 140. Kwa mashine yake, ukikaza mwendo, sauti nayo hupanda.

Siku ikafika, ua umejaa watu. Iritungu likalia, babu akaanza kuimba. Nyanya akainua kichwa.

"Huyo mtoto anayeimba ni wa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Nimekaa na mzee miaka hamsini. Huyo si yeye." Akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kesho yake nilimbembeleza, akaja kibandani. Nikamwekea kanda jinsi ilivyo, bila kukazwa. Hakusema neno, ila mguu wake ukaanza kupiga sakafu. Nami nikaziacha nyuzi, nikabonyeza nikifuata mguu wake. Programu ikaandika 80. Nikaduwaa. Si wimbo ni uleule? Kumbe pale mimi nilipohesabu matatu, yeye alihesabu mawili, na yote yanaingia sawasawa. Programu haijui ni nani anayebonyeza, wala haiulizi.

"Mjukuu wangu, wewe ulifuata vidole," nyanya akasema. "Wachezaji walikuwa wanafuata mguu wa babu yako."

Baba mdogo akakuna kichwa. "Sasa hiyo 80 nitaiunga na nini?"

Nikamwambia tusiiunge na kitu. Alinuna, maana alikuwa ameshatengeneza kanda nzima ya sherehe, na kusema kweli mteja mmoja alikuwa mlangoni akisubiri nyimbo zake. Akasubiri. Nyanya aliomba irudiwe, tukairudia, akaomba tena, mpaka stima ikapotea.