Ngomeni, Kijiji Kilichotazama Roketi

Sisi tunaoishi Shinyanga na Geita tunajua kwamba kazi kubwa huja kwa kelele, na siku moja huondoka. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Ule wa Buzwagi, Kahama, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Mama lishe wa langoni ndiye wa kwanza kuona sahani hazinunuliwi. Ndiyo maana, nilipokwenda pwani ya Kenya, nilitamani kupaona Ngomeni, mahali ambapo kazi kubwa ilikwisha zamani.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi, kama kilomita 30 kaskazini mwa Malindi, njia ya mashamba ya chumvi. Ukisimama ufukweni utaona baharini majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu yao, yameshika kutu. Hapo Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walirusha setilaiti kwa roketi za Kimarekani ziitwazo Scout. Jukwaa la San Marco lilibeba roketi. Waongozaji walikaa jukwaa la Santa Rita, mbali na moto.

Kwa nini hapa? Dada msomaji, mtoto akirusha jiwe mbele akiwa juu ya baiskeli inayokwenda, jiwe hupata nguvu ya mkono na mwendo wa baiskeli. Dunia nayo huzunguka kuelekea mashariki, na karibu na ikweta mwendo wake hupita kilomita 1,600 kwa saa. Roketi inayoelekea mashariki hupewa msukumo huo bure, na mabaki yake huangukia baharini, si juu ya mapaa ya watu.

Setilaiti ya kwanza iliondoka tarehe 26 Aprili 1967. Ya tisa na ya mwisho, Machi 1988. Inayokumbukwa zaidi ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Sisi wauguzi tunaijua eksirei ya mfupa uliovunjika. Uhuru ilipima eksirei zitokazo mbali angani, ikatambua vyanzo zaidi ya 300. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Jina lilikuwa la Kiswahili, lakini walioiunda na kuirusha walitoka mbali. Roketi zilipokoma, kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilibaki nchi kavu, na wavuvi wakaendelea na nyavu zao. Hata hivyo, mwaka 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya ilifika angani, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na chuo kile kile cha Roma. Ilikuwa imepita miaka 30 tangu roketi ya mwisho ya Ngomeni.

Akina mama wenzangu wa Geita na Kahama, tusiishie kuuliza mgodi utaajiri vijana wangapi. Tuulize pia wangapi watafundishwa kupima miamba na kuendesha mitambo, na binti zetu wawemo. Jioni binti akileta daftari la hesabu jikoni, sufuria isubiri kidogo.